Namna ya kusoma kitu kikakaa kichwani

Nafundisha watu mbinu za kusoma, na karibu wote wanarudia kurasa zilezile mpaka macho yanazizoea, wanaona wameshika, halafu wakiulizwa hakuna kitu. Fanya hivi.

Hatua ya 1. Simu iweke chumba kingine isikukatize. Kumbukumbu ya muda mfupi inabeba vitu kama 4 tu kwa mara moja na usipovishughulikia vinapotea ndani ya sekunde chache, sasa kitu hata hakijaingia utakikumbuka vipi?

Hatua ya 2. Unganisha jipya na unachojua tayari, jiulize kwa nini iko hivi. Kazi ya kufunga vipande pamoja inafanywa na hipokampasi, iko ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji Marekani mwaka 1953 kutibu kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, toka hapo matukio mapya hayakai kabisa, ila mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota huku anaangalia kwenye kioo akawa anazidi kuweza siku hadi siku na bado anasema hajawahi kulifanya! Yaani ujuzi wa mikono una njia yake nyingine, huo haukai kwa kusoma maelezo, unafanya kwa vitendo.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe. Funga kitabu, andika yote unayokumbuka bila kuchungulia. Ubongo hauna rekodi kamili ya kucheza tena, kila ukikumbuka unaijenga upya kwa kuwasha seli zilezile, na miunganiko yao inazidi kuwa imara. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walipima hili mwaka 2006: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki waliojipima ndo wakakumbuka zaidi. Ukimaliza fungua usahihishe palepale, maana kosa nalo linajengeka.

Hatua ya 4. Lala. Usingizini hipokampasi inarudia ya mchana, kukesha kunakukosesha hilo.

Hatua ya 5. Jipime tena kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki, kwa sababu tunasahau zaidi mwanzoni. Ukikwama usikimbilie kitabu, kumbuka kwanza ulikuwa umekaa wapi, mada gani ilitangulia, mara nyingi kamba moja inavuta nyingine.