Jinsi ya kusoma majibu ya AFP na wenzake kama una mgonjwa wa kansa ya ini

Wengi wakishapewa karatasi ya maabara macho yanakimbilia AFP, wakikuta kubwa wanakata tamaa, wakikuta ndogo wanashangilia, na kote huko ni kukurupuka. Hii AFP ni protini ambayo ini la mtoto akiwa tumboni linatengeneza kwa wingi, akizaliwa inashuka, mtu mzima anabaki na kidogo tu, maabara nyingi zinaweka mwisho wa kawaida kwenye 10 au 20 ng/mL. Kansa ya ini inaweza kuipandisha tena. Nasema inaweza, maana kuna wagonjwa wengi tu, kama theluthi hivi, ambao haipandi kabisa, na pia inapanda kwa mjamzito, kwa mtu ambaye homa ya ini imemchachamalia, na kwa baadhi ya kansa za korodani na ovari.

Anza na yuniti. Wengine wanaandika ng/mL, wengine IU/mL, na IU 1 ni kama ng 1.2, sasa ukichukua karatasi za maabara mbili ukazilinganisha hivihivi utasema imepanda kumbe wala. Kama inawezekana pimeni sehemu moja siku zote.

Namba ambazo madaktari wanaziangalia kwenye kukisia ugonjwa utaendaje ni mbili. 400 ng/mL kwenda juu mara nyingi ina maana uvimbe ni mkali, unapenda kuingia kwenye mishipa ya damu na kurudi hata ukishakatwa. Kuna hata dawa, ramusirumabu, inatolewa kwa waliokwisha kutumia sorafenibu (dawa nyingine ya kansa ya ini) na AFP yao iko 400 au zaidi, walio chini ya hapo haijaonyesha kuwasaidia. Nyingine ni 1000, hiyo ni ya watu wa kupandikizwa ini, Marekani ukiivuka hupati zile pointi za ziada za kansa kwenye foleni ya kusubiri ini mpaka utibiwe ishuke chini ya 500.

Lakini namba ya siku moja mimi siiamini sana, angalia mwendo wake. AFP iliyoko kwenye damu inapungua nusu kwa siku kama 5 mpaka 7, kwa hiyo uvimbe ukiondolewa wote inatakiwa ishuke wiki baada ya wiki mpaka ifike kawaida, ikigoma njiani au ikishuka halafu ikaanza kupanda basi daktari atataka picha nyingine, na msisubiri dalili. Andika tarehe na namba kwenye karatasi moja, daktari atakupenda.

Ukiona PIVKA-II au DCP ni kitu kilekile, protrombini (protini ya kugandisha damu) iliyotengenezwa vibaya, na ikiwa juu sana inaendana na kansa kuingia kwenye mishipa. Shida yake ni kwamba mtu anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aliyepungukiwa vitamini K inapanda bila kansa yoyote kuongezeka, kwa hiyo taja dawa zote anazomeza kabla hamjaanza kulia. AFP-L3, ambayo ni aina mojawapo ya AFP, inaandikwa kwa asilimia, juu ya 10 siyo habari nzuri.

Kama walichukua kinyama cha uvimbe kukipima, ripoti inaweza kutaja CK19, protini ya kwenye seli, ikiwepo kansa huwa inarudi haraka. Jeni ya TP53 iliyoharibika nayo inaenda na uvimbe mkali, ile ya CTNNB1 ikiharibika kwa kawaida inakutwa kwenye uvimbe uliotulia kidogo. Kabla ya kulipia vipimo vya jeni uliza swali moja tu, jibu likitoka matibabu yatabadilika? Mara nyingi utaambiwa hapana, basi hela ibaki mfukoni.

Ila kitu ambacho watu wanakiruka kabisa ni albumini (protini inayotengenezwa na ini) na bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huisafisha), na ndizo ningeanza nazo mimi. Wagonjwa wengi wa kansa hii ini lao lilishakuwa na makovu siku nyingi, anaweza kuwa na uvimbe mdogo na AFP ya kawaida lakini ini lenyewe limechoka, hiyo ndiyo inaamua kama atavumilia upasuaji au dawa. Kwa hizo mbili tu daktari anapiga hesabu inaitwa ALBI, daraja la 1 ndio zuri, la 3 baya, na ni vipimo vya kawaida ambavyo pengine mnavyo tayari kwenye faili.

Na kama chanzo ni hepatitisi B, omba kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Vikiwa vingi kansa ina nafasi kubwa ya kurudi baada ya upasuaji, ila tofauti na namba nyingine zote hapo juu hii unaweza kuishusha moja kwa moja kwa vidonge, tenofoviri au entekaviri, kwa hiyo kama mgonjwa wako hajaanzishiwa, hilo ndilo la kumuuliza daktari kliniki ijayo.