Kabla ya kulipeleka gari la kujiundia kwenye ukaguzi

Gari lililoundwa gereji huweza kukwama kwenye karatasi kabla halijafika kwenye breki. Basi kabla hujakata chuma, nenda na mchoro kwa wanaoshughulikia usajili, ujue gari la namna yako litaandikwa aina gani. Weka risiti za vipuri vikubwa, na kadi au hati za forodha za gari lililotoa injini na chesisi. Namba ya chesisi usiipitishe grainda wala kuizika kwa rangi. Isiposomeka, kazi yote inasimama hapo. Maungio yapige picha yakiwa bado wazi.

Breki ndizo zenye mambo. Bomba la shaba la friji lisikuponze kwa urahisi wake: likitikisika muda mrefu shaba hukakamaa na kupasuka, mara nyingi pale linapoungwa. Nunua bomba la breki lenyewe, libane kwenye chesisi kila sentimita 30 hivi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya Unguja imejaa unyevu, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi usiitie. Toa hewa kwenye breki ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, kisha kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima. Ikizama polepole, kuna uvujaji au mipira ya silinda kuu imekwisha. Hendibreki iwe na waya wake, ishike gari mlimani bila msaada wa mafuta.

Taa zilizotumika kutoka Japani zinatufaa, kwani nako wanaendesha kushoto. Za Dubai zimetengenezwa kwa wanaoendesha kulia, mwanga wake unapanda upande wa anayekuja mbele yako na kumtia upofu. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani usiku. Ukingo wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10.

Mikanda ifungwe kwenye bamba nene lililochomelewa kwenye fremu, si kwenye bati la sakafu. Maboksi ya chuma yaliyozibwa, yaani vyuma vya fremu vyenye uwazi ndani, yatoboe tundu chini, maji ya chumvi yatoke, la sivyo chuma kinaoza ndani huku rangi nje inang'aa.

Siku ya ukaguzi libebe kwa lori, maana bado halina namba. Chukua balbu, fyuzi na spana. Nyuma liwe na nafasi ya kibao cha Z, yaani cha namba ya Zanzibar, na taa ya kukimulika.