Jinsi ya kusoma herufi za manowari

Anza na herufi, namba baadaye. Kwa Wamarekani, mfumo wa 1920: DD ni destroya (manowari ya kasi ya kusindikiza nyingine), SS nyambizi, CV meli ya kubeba ndege. G ikiongezwa ni makombora ya kuongozwa, N ni nyuklia. DDG-51 basi ni destroya ya makombora, ila ubavuni utaona 51 tupu. Herufi zitafute kwenye orodha ya manowari. Waingereza huchora herufi na namba pia: D destroya, F frigeti (manowari ya kusindikiza, kwa kawaida ndogo kuliko destroya).

Wengi hukosea hapa: SS mbele ya jina la meli ya kiraia ni meli ya mvuke, si nyambizi! Hata Liemba ya Kigoma, iliyokuwa Goetzen ya kivita ya Wajerumani, ni MV, yaani ya injini ya dizeli, si ya mvuke.