Mbwa wa Shamba, Mchanga wa Pwani na Minyoo: Namna ya Kuilinda Nyumba

Kwetu Jambiani, Unguja, mbwa ana kazi yake. Anawafukuza nguruwe wasichimbe muhogo, anawazuia kima, na usiku anabweka mtu akipita. Tahadhari tuliyofundishwa chuo cha Qur'ani tangu wadogo ni ya mate: akilamba chombo, kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ibaki pale pale. Lakini minyoo wengi wa mbwa hutufikia kwa njia ya choo chake, tena siku nyingi baada ya choo hicho kukauka na kusahauliwa. Huko ndiko ninakotaka tuelekeze nguvu.

Kazi ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko dawa zote, ni kuzoa choo cha mbwa kila siku. Mayai ya safura ya mbwa, minyoo wanaonyonya damu, yakipata mchanga wa vuguvugu, wenye unyevu na kivuli, huangua vijinyoo visivyoonekana kwa macho, na kwa muda wa wiki moja hivi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu. Mayai ya minyoo wa duara huchukua kama wiki mbili hadi nne kupevuka, kisha yanaweza kukaa udongoni miaka. Kwa hiyo choo cha leo kikizolewa leo, mayai yanaondoka hayajapevuka. Ukikiacha mpaka Ijumaa ya kufagia uwanja, mvua na kuku wameshakitawanya.

Zoa kwa pauro pamoja na mchanga kidogo wa chini yake. Kwetu chini ni mawe, shimo halichimbiki kirahisi, basi mimi natumia ndoo kuukuu yenye kifuniko na kumimina kwenye choo cha shimo. Usitie kwenye bustani ya mchicha, wala usitupe pwani ukidhani bahari itachukua. Kisha nawa kwa sabuni. Na ule udongo wa kuoshea vyombo usiuchote pale mbwa anapojisaidia: sharia inataka uwe twahara, na afya inataka hivyo hivyo.

Pwani nako si sawa kote. Mchanga unaofunikwa na maji kila siku hauna hofu kubwa. Wa kuangalia ni ule wa juu, usiofikiwa hata na bamvu, yale maji makubwa, chini ya mivinje na kwenye vivuli vya makuti, ambako mbwa hulala na kujisaidia na sisi huketi kufunga kamba za mwani. Tandikeni mkeka mzito, vaeni kandambili, na watoto wasiachwe wakae uchi hapo.

Ukiona kwenye mguu au tako la mtoto mstari mwekundu ulioinuka, unaopinda kama uzi uliodondoshwa, na kesho yake umesogea mbele, huyo ni kijinyoo cha safura ya mbwa. Kinatambaa ndani ya ngozi, kwa kawaida hakiingii zaidi kwa mwanadamu, na mwisho hufa chenyewe, ila muwasho wake haumpi mtu usingizi na kujikuna huleta usaha. Nawaomba sana kina mama wenzangu, msichome kwa kaa wala kupaka mafuta ya taa. Kijinyoo huwa kimeshatangulia mbele ya ncha ya mstari, mnamuunguza mtoto bure. Kituo cha afya kitatoa albendazoli au aivamektini kwa kipimo cha umri na uzito. Mjamzito aseme hali yake kabla ya kupewa.

Sasa mbwa mwenyewe. Watoto wa mbwa ndio wa kuanza nao, maana minyoo wa duara huwapata tumboni mwa mama na safura huwapata kwenye maziwa. Inua mdomo wa mtoto uangalie ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, safura inamnyonya damu, usingoje. Wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na mama yao apewe pamoja nao. Mbwa mkubwa, kila miezi 3. Pairanteli ni ya minyoo wa duara na safura, prazikwanteli ni ya tegu, minyoo bapa wa vipande vipande. Kipimo cha kawaida cha kila moja ni miligramu 5 kwa kilo, lakini bwana mifugo athibitishe. Uzito usikisie. Mtie mtoto wa mbwa ndani ya pakacha, mning'inize kwenye mizani ile ile ya mwani, kisha toa uzito wa pakacha. Vidonge wanavyoletewa watoto skuli visikatwe kwa ajili ya mbwa.

Ukiona vipande kama punje za mchele vimeganda mkiani, huyo ni tegu anayetokana na kiroboto aliyemezwa. Dawa bila kuua viroboto ni kazi ya kurudia. Na kwa ajili ya tegu wa aina nyingine, Idd Kubwa, mnapochinja, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji asipewe mbwa. Yachomeni au mfukie chini sana.

Minyoo wa duara ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu hawaachi alama kwenye ngozi. Mtoto anayekula udongo humeza mayai, vijinyoo huzunguka kwenye ini na mapafu, na mara chache huingia jichoni. Homa isiyoeleweka, kikohozi cha kupiga mluzi, au jicho moja lisiloona vizuri, mpelekeni hospitali. Mwambieni daktari kwamba nyumbani kuna mbwa na mtoto anakula udongo, kwa sababu hilo haliulizwi kila mara.