Serikali Ziombe Radhi kwa Utumwa? Namna ya Kuandaa Mdahalo Usiishie Kelele

Anzeni na mada. "Wazungu watuombe radhi" itawamalizia muda mkibishana rangi za watu. Andikeni: "Serikali ziombe radhi kwa utumwa na dhuluma za ukoloni." Wasemaji watatu kila upande, dakika 5 kila mmoja, kengele ya kwanza dakika ya 4. Ukumbi upewe dakika 20.

Wiki moja kabla, kila upande utenganishe majuto na radhi. Midahalo mingi huharibikia hapa. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza akiwa Nairobi alieleza majuto, lakini hakuomba radhi. Kesho yake Rais Steinmeier wa Ujerumani akawa Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji, mwanzoni mwa karne ya 20. Msemaji anayeyachanganya hayo mawili ataumbuka kwenye swali la kwanza.

Maneno hupimwa hivyo kwa sababu ya fidia. Mwaka 2013 Uingereza ilijutia mateso ya enzi za Mau Mau nchini Kenya na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, huku ikikana kuwajibika kisheria. Seneti ya Marekani iliomba radhi kwa utumwa mwaka 2009, ikaongeza kifungu kwamba azimio hilo si msingi wa madai yoyote. Basi kwa kila mfano, wanaounga mkono wajiulize: nani alisema, kosa alilitaja kwa jina, na kilifuata nini?

Wanaopinga waiache hoja ya "hayo ni ya zamani." Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani na kufariki 1898, lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na likarudi Uhehe, Iringa, mwaka 1954; mtu atalitaja tu. Hoja yao nzito ni ya mdaiwa. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Tabora ilikatiza Ugogo (Dodoma ya leo) na Mpwapwa kwenda Bagamoyo, ikiendeshwa na wafanyabiashara wa pwani na wa bara, wengi wao wakipeperusha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Usultani ulipinduliwa 1964. Radhi aombe nani? Na watemi wa Kigogo waliotoza hongo misafara hiyo? (Fafanueni kwamba hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa njia na maji, si rushwa, la sivyo ukumbi utacheka na hoja itapotea.)

Wanaounga mkono wawe na jibu: Wajerumani walipoitawala nchi hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ujerumani ipo hadi leo, hivyo mdaiwa mmoja angalau ana anwani.

Alama ziwe 10: ushahidi 4, kujibu hoja 4, ufasaha 2. Ufasaha ukipewa zaidi, mwenye sauti kubwa atashinda. Ukumbi upige kura kabla na baada. Ushindi ni wa upande ulioongeza kura.