SOMO: Kuvu linalorudi ukutani kila msimu wa baridi. Someni hapa kabla ya kunitumia picha

Kila ukifika mwezi wa sita napokea picha zilezile: kona nyeusi, nyuma ya kabati, chini ya dirisha. Na swali ni lilelile, "fundi, nipake rangi gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi ni fundi rangi, nipo Njombe. Huku Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kuvu limeshanitia aibu nyumbani kwangu mwenyewe.

1. Jua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ngumu ukubwa wa daftari, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, siku mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, huo ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe umelowa: bomba, paa au msingi. Ziba kwanza, ndipo uendelee.

2. Sogeza kabati vidole vinne kutoka ukutani.

3. Osha. Maji ya sabuni kwanza, halafu jiki kikombe kimoja kwa lita nne za maji. Glovu, barakoa, madirisha wazi. Usikwangue kuvu likiwa kavu, vumbi lake litasambaa nyumba nzima. Na jiki usiichanganye na dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu.

4. Acha ukauke. Hapa ndipo nilipochemka. Mwaka juzi Agosti niliosha chumba cha watoto Jumamosi, Jumapili nikapiga skimu ya kulainisha ukuta, na jioni ya Jumatatu nilikuwa nimeshamaliza rangi ya mafuta, koti mbili, nikijua mafuta yatazuia maji. Ukuta ukang'aa kama sahani. Mke wangu akaita majirani waje kuona. Jua la Oktoba lilipoanza kuupiga kwa nje, yakatoka mapovu ukubwa wa sarafu. Ukilibonyeza moja linapasuka, tone la maji linakushukia kwenye kiganja. Niliibandua ile rangi kwa mkono, vipande vipana kama chapati, na nyuma yake kuvu lilikuwa limetulia. Tofali za kuchoma zilikuwa zimeshiba maji ya miezi mitatu, nami nikazifungia mlango. Kwa hiyo: ukuta kukauka kwa macho siyo kukauka. Mimi sasa hivi nasubiri wiki mbili za jua, wakati mwingine nne, halafu narudia nailoni. Nyuma yake pakiwa na hata ukungu kama wa pumzi kwenye kioo, sifungui kopo la rangi. Mteja akinihimiza namwambia atafute fundi mwingine.

5. Praima, kisha rangi ya maji. Ya mafuta hapana.

6. Toa mvuke nje, la sivyo mwakani tunaonana hapahapa. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya dirisha. Siku hizi tunaweka alumini inayobana kabisa, na yale matundu tunayaziba kwa magazeti kukimbia baridi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana dakika kumi asubuhi. Funika sufuria ya maharage. Nguo mbichi zisianikwe chumbani.

MASWALI

mpangaji_mbishi: Mkuu, ndefu sana hiyo. Nitajie tu rangi isiyoota kuvu.

KotiMbili: Hatua ya 5 ina mstari mmoja. Nayo imekushinda?

mwana_tanga: Habari fundi. Mimi nipo Tanga, baridi hatuijui. Ukuta umeliwa kuanzia sakafuni hadi kiunoni na unatoa unga mweupe. Nailoni nimebandika, maji yako nyuma. Huo nao ni mvuke?

KotiMbili: Dada, umepima kabla ya kuuliza, ubarikiwe. Huo siyo mvuke. Ni maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yanabeba chumvi, na yakikauka chumvi inabaki usoni. Mara nyingi huishia kama mita moja. Anza nje: udongo usiwe juu ya msingi, na maji ya paa yapate gata. Muulize aliyejenga kama aliweka karatasi ya dipisi (DPC), ile ya kuzuia maji yasipande, juu ya msingi. Lipu iliyoliwa na chumvi ibanduliwe yote. Ukiifunika kwa rangi ya mafuta, maji yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Na kama ni nyumba ya zamani ya mawe, rudishia chokaa, usiweke saruji. Chokaa inapumua.

mwana_tanga: Ni ya babu, ya mawe! Na tuliipiga saruji miaka miwili iliyopita.

KotiMbili: Basi umeshajijibu. Pole.

baba_watatu: Sisi Makete tunaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, ukuta unakauka safi.

KotiMbili: Litoe leo. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Habari za ukuta baadaye.

baba_watatu: Limetoka. Nikiweka la gesi je?

KotiMbili: Nalo hapana, linakula hewa ya chumba. Halafu kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, kama mvuke. Utakuwa unaumwagilia ukuta.

ujenzi_mwaka_wa_pili: Kwa nini kona ndiyo huanza?

KotiMbili: Swali zuri. Kona inapigwa na baridi ya nje pande mbili, na hewa ya ndani haiifikii. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, ukuta ukishuka hadi nyuzi 14 tayari unatoa jasho. Katikati ya ukuta hapajafika huko, kona imeshafika.

mpangaji_mbishi: Haya, nimesoma yote. Viatu vyangu vya ngozi vimeota manyoya ya kijani, hivyo navyo nisubiri wiki mbili?

mwana_tanga: Vifutie nje kwa kitambaa chenye spiriti, kausha kivulini, sokomeza magazeti ndani, badilisha kila jioni.

KotiMbili: Na magazeti utayapata juu ya dirisha lako, ulikoyaziba matundu.