Mbuzi wamekufa na baridi, mboga zimesombwa na maji: jinsi ya kudai hela ya maafa FSA (kwa tulioko Marekani)

Ndugu zangu mnaofuga na kulima huku Marekani, hela ya maafa ya serikali ipo na ni haki yenu, ila mwenye karatasi ndo analipwa, kwa hiyo kazi inaanza kabla shida haijaja.

1. Chukua namba ya shamba sasa hivi. Nenda ofisi ya FSA (Farm Service Agency, shirika la kuhudumia wakulima) ya kaunti yako, iko chini ya wizara ya kilimo, USDA. Beba kitambulisho, namba ya soshal, akaunti ya benki na karatasi ya ardhi, kama umekodi beba mkataba. Utajaza fomu kama AD-1026 (ya kuahidi kutunza udongo na ardhi chepechepe) na CCC-941, hii ya pili ni ya kipato, wastani ukizidi dola 900,000 kwa mwaka kwa kawaida hupati, wengi wetu hatufiki huko. Hela ya mifugo ni ya raia na wenye grinikadi. Kiingereza kikikupiga chenga nenda na mtu anayekijua, usisaini kitu hujaelezwa.

2. Weka daftari. Waliozaliwa, ulionunua, uliouza, risiti zote. Bila hii huwezi kuonyesha ulikuwa na mbuzi wangapi siku ile, na hapo ndo watu wengi wanakwama.

3. Mnyama akifa, usizike kwanza. Najua inauma na unataka kumtoa machoni pa watoto, ila piga picha akiwa palepale alipoangukia, theluji ikiwa bado mgongoni, alafu sogea karibu upige hereni ya sikio mpaka namba isomeke. Andika tarehe. Jirani ambaye si ndugu yako wala mfanyakazi wako aje aone, anaweza kuwa shahidi.

Programu ya fidia ya mifugo inaitwa LIP (Livestock Indemnity Program), fomu CCC-852. Inalipa 75% ya bei ya soko kwa vifo vya hali ya hewa, mfano baridi kali, mafuriko, radi. Mnyama awe wa biashara, wa kula nyumbani hahesabiwi. Mbwa mwitu anayelindwa na serikali kuu akiua unalipwa, koyote hapana. Alafu wanaondoa kwenye hesabu vifo vya kawaida, yani tuseme kwenye jimbo lako ni 5% na una mbuzi 40, wawili wa kwanza hawalipwi, wakifa 10 unalipwa 8. Mwisho wa kupeleka ni Machi 1 ya mwaka unaofuata, ila we peleka mapema kumbukumbu ikiwa mbichi.

4. Mboga. Mchicha na nyanya chungu zetu mara nyingi hazina bima ya kawaida, hapo kuna NAP, yani msaada wa FSA kwa mazao yasiyo na bima, lakini lazima ujiandikishe kabla ya msimu. Ada ni dola 325 kwa zao, kama hujamaliza miaka 10 kwenye kilimo uliza fomu CCC-860, unasamehewa. Maji yakipita toa taarifa ndani ya siku 15, zao la kuvuna kwa mkono ndani ya saa 72, na usilime tena pale kabla hawajakagua.

5. Wakikataa barua itaeleza sababu, na una siku 30 za kukata rufaa, zihesabu toka siku uliyoipokea. Wakilipa, utatumiwa fomu 1099-G, mpe anayekufanyia taksi maana hiyo ni kipato.